Kwa Nini Wakusanyaji Humfuata Krishna wa 1919

Mtu anapoanza kukusanya kumbukumbu za sinema kongwe za India, jina analolitaja kwanza ni Raja Harishchandra, filamu ya Dhundiraj Govind Phalke iliyofunguliwa kwa umma mjini Bombay tarehe 3 Mei 1913. Mimi humwelekeza kwenye Kaliya Mardan ya 1919, ya Phalke huyohuyo. Ile ya kwanza haikusalia nzima, na wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba hata sehemu zilizopo zinatokana na toleo alilolirudia mwaka 1917. Kwa mkusanyaji anayelipia ukongwe, shaka hiyo si ndogo. Kaliya Mardan imesalia kwa sehemu kubwa, na kisa chake kinafuatika.

Krishna, mungu wa Wahindu, angali mtoto, mdokozi wa siagi na mtundu asiyekanyika, anajitosa katika mto Yamuna, anapambana na joka Kaliya na kuibuka akiwa juu ya kichwa chake. Uzuri wa filamu hii, hata hivyo, naanza kuuona kabla kisa hakijaanza. Phalke alimpa nafasi ya Krishna binti yake Mandakini, aliyekuwa na umri wa miaka 7 hivi, na mwanzoni kabisa tunaonyeshwa uso wake kwa karibu, akipita kutoka hisia moja hadi nyingine, kisha sura hiyohiyo inageuka kuwa ya Krishna aliyevishwa mapambo yake. Mtazamaji anatambulishwa kwanza kwa mtoto wa watu, ndipo anatakiwa amwone mungu.

Nakala zake zilizohifadhiwa zimo katika hifadhi ya taifa ya filamu iliyoanzishwa Pune mwaka 1964, kwa hiyo sokoni hutafutwa zaidi picha mnato, vijitabu na matangazo ya sinema za enzi hiyo. Ukiletewa kipande cha mkanda, kagua ukingo wake: tangu 1916 Kodak ilitia alama za mwaka, kama duara, mraba na pembetatu, lakini mpangilio wake hujirudia kila baada ya miaka 20, na alama ya mkanda wa asili huweza kuchapika hadi kwenye nakala mpya. Ikiwa mkanda ni wa nitrati, kemikali iliyotumika kutengenezea filamu za zamani, usiuweke nyumbani. Huwaka upesi, na maji hayauzimi.