Je, wajua darubini hufuataje nyota, na kwa nini Nairobi inahitaji mtambo wake?

Elekeza darubini kwenye nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa kuwazika angani, juu ya ikweta ya Dunia), weka lenzi inayokuza mara 100, kisha uondoe mikono. Baada ya dakika mbili hivi nyota itakuwa imevuka duara lote la kutazamia na kutoweka. Stendi haijateleza. Dunia ndiyo inayozunguka, na darubini yako inabebwa nayo kuelekea mashariki.

Ukipima kwa nyota, Dunia humaliza mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Saa 24 tulizozoea ni za Jua: kwa kuwa Dunia nayo inasafiri kulizunguka Jua, kila siku hulazimika kujigeuza kidogo zaidi ili Jua lirudi pale lilipokuwa jana. Gawanya digrii 360 kwa sekunde 86,164 na utapata sekunde za tao 15.04 kwa kila sekunde ya saa. (Sekunde ya tao ni digrii moja iliyokatwa vipande 3,600.) Ukikosea ukatumia saa za Jua, baada ya saa moja nyota itakuwa imekukimbia kwa dakika za tao mbili na nusu (dakika ya tao ni sekunde za tao 60). Kwa macho tu si neno. Kwa picha, umepoteza usiku.

Kazi ya kidhibiti, yaani mtambo wa umeme unaoendesha mota ya darubini, basi ni moja: kuzungusha darubini kuelekea magharibi kwa kasi hiyo hiyo, juu ya mhimili ulio sambamba na mhimili wa Dunia. Ukiupata mhimili huo sawasawa, mota moja inatosha. Na hapo ndipo Nairobi inapoleta ukaidi wake.

Mhimili huo sharti uelekee ncha ya anga, yaani pale mhimili wa Dunia unapolenga na nyota zote huonekana kupazunguka. London, ncha hiyo iko digrii 51 juu ya upeo wa macho na ina Nyota ya Kaskazini ya kuiashiria. Mtu anachungulia, anaweka nyota kwenye alama, amemaliza. Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta. Ncha ya kusini ya anga kwetu inakaribia kugusa ardhi, imejificha nyuma ya ghorofa za majirani na vumbi la barabara, na ya kaskazini imezama kabisa. Hatuna nyota ya kulenga. Isitoshe, stendi nyingi zenye mhimili wa namna hii (huitwa za kiikweta) zinazouzwa madukani zimeundwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, hazishuki chini ya digrii 15 au 20: ama skrubu inagota, ama fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu. Mtu anaagiza mtambo wa bei ya kutisha, unafika, na hauwezi kulala inavyotakiwa.

Dawa yake iko Kamukunji. Fundi wa jua kali anaweza kukukatia na kukuchomelea kabari ya chuma ya kuinamisha kichwa chote cha stendi, mradi umpelekee mchoro wenye vipimo. Baada ya hapo latitudo yetu inageuka kuwa neema, maana kuupata mwinuko hakuhitaji nyota: pima maji ya kawaida ya mwashi inatosha. Kwa kila mita moja ya urefu wa mhimili, ncha ya kusini inyanyuke sentimita 2.25 kuliko ya kaskazini. Hiyo ndiyo digrii 1.3.

Mwelekeo wa kusini na kaskazini unaanza na dira, kisha unasahihishwa kwa kuangalia nyota inavyohama. Chagua nyota iliyo karibu na utosi wa anga, yaani juu kabisa ya kichwa chako, washa mota, tazama dakika kumi. Ikijisogeza upande wa kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili imekwenda mno mashariki. Irudishe magharibi kidogo, jaribu tena. Ikisogea kusini, fanya kinyume. Njia hii ni ya zamani na inachosha, lakini haidanganywi na vyuma vya mabati kama dira inavyodanganywa.

Kuna watakaouliza: si afadhali stendi ya kawaida inayopanda juu-chini na kuzunguka kushoto-kulia, yenye mota mbili na kompyuta ya kupiga hesabu? Inawezekana, na kwingineko ni chaguo zuri. Lakini fikiria Alnilam, nyota ya kati ya zile tatu zilizojipanga mstari katika kundi la Orion. Iko digrii 1.2 kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo inapita karibu kabisa na utosi wa katikati ya jiji. Anayeifuata kwa stendi ya namna hiyo ni kama mtu anayeitazama ndege ikipita juu ya kichwa chake: shingo inatosha mpaka dakika ya mwisho, halafu inabidi ageuze mwili mzima ghafla. Stendi hutakiwa kuzunguka zaidi ya digrii 140 ndani ya dakika mbili. Mota inakwama au picha inachafuka. Mimi ningechukua mhimili mmoja uliolala, bila kusita.

Tuje kwenye umeme. Mota inayotumika ni ya stepa, ile inayojongea kwa hatua badala ya kuzunguka mfululizo. Printa nyingi kuukuu zinazo, na maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue ni mahali pa kuanzia ukitaka mpya. Aina ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Bodi ndogo ya kuiendesha, inayoitwa dereva, huigawa kila hatua mara 16, na kufanya 3,200. Weka mkanda wenye meno unaopunguza mwendo mara 3, kisha gia ya skrubu yenye meno 144, na mzunguko mmoja wa darubini utakuwa hatua ndogo 1,382,400. Kila moja ni chini kidogo ya sekunde moja ya tao. Ili kwenda sambamba na anga, maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) itume pigo moja, yaani amri ya hatua ndogo moja, kila sekunde 0.062329.

Tarakimu hizo za mwisho si mapambo. Mwandishi wa programu akiandika milisekunde 62 kamili, akaona hizo 0.329 ni za kutupwa, darubini itakimbia mbele kwa karibu dakika tano za tao kila saa, zaidi ya mara tano ya upana wa sayari ya Mshtarii (Jupita) angani. Ndiyo maana programu nzuri haimwambii mota "subiri kidogo, kisha sogea". Hutumia kipima muda cha ndani ya chipu, kinachohesabu kwa mikrosekunde na kukatiza kazi nyingine zote pigo linapofika. Na saa yenyewe ya bodi ya maikrokontrola ina maana: Arduino Uno, ambayo wengi wetu tulijifunzia, hutegemea kitetemeshi cha kauri kinachoweza kukosea kwa nusu ya asilimia, na kosa hilo pekee linalingana na lile la kutupa 0.329. Bodi ya ESP32 ina fuwele, iliyo sahihi zaidi kwa mbali, tena ina Wi-Fi ya kuzungumza na simu.

Hakuna haja ya kuandika yote haya kuanzia sifuri. Mradi wa OnStep, ulioanzishwa na Howard Dutton wa Marekani, umefanya kazi hiyo tayari: programu iko wazi, inaendesha ESP32, Teensy na bodi nyingine, na inaelewa lugha ya amri za LX200 iliyotoka kwa kampuni ya darubini ya Meade, kwa hiyo hata Stellarium, programu ya ramani ya anga kwenye kompyuta, inaweza kuielekeza darubini. Unaiambia latitudo ni hasi 1.29, nayo inajua iko kusini na mota igeukie upande gani.

Maunzi huria yana maana zaidi ya kuwa na programu ya bure. Ni kwamba mchoro wa saketi, mafaili ya bodi, orodha ya vipuri na hata vipimo vya kabari vinatolewa hadharani, kwa leseni inayokuruhusu kuvibadilisha na kuuza ulichotengeneza. Kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, huko Ulaya, kilitoa leseni ya aina hiyo mwaka 2011. Kwetu faida yake ni ya wazi: kidhibiti kilichofungwa kikiharibika kinarudishwa ng'ambo au kinatupwa, lakini chenye mchoro kinafunguliwa mezani, dereva iliyoungua inachomolewa, nyingine inachomekwa. Na anayechora kabari ya digrii 1.3 anamsaidia mtu wa Kampala, Kisumu na Nanyuki pia, maana wote wako karibu na ikweta.

Bado gia itakusumbua. Skrubu yake haitengenezwi duara kamili, kwa hiyo nyota huyumba huku na huko kwa mzunguko wa takriban dakika kumi, muda ambao skrubu huchukua kujizungusha mara moja. OnStep inaweza kukariri myumbo huo na kuufidia. Kwa picha za muda mrefu watu huongeza kamera ndogo inayochunga nyota moja na kutuma masahihisho.

Majaribio hayahitaji giza la Magadi. Paa la nyumba Eastlands linatosha, maana Mshtarii na nyota kubwa zinaonekana hata juu ya taa za jiji. Betri ya volti 12 ya pikipiki inaendesha mtambo wote. Tahadhari moja tu: usichomoe waya wa mota wakati umeme unapita, kwa kuwa dereva inaweza kufa papo hapo. Zima kwanza, ndipo uchomoe.