Mgonjwa wa akili aliyeua: atibiwe au aadhibiwe?

Mtu amemuua jirani yake, kisha anapelekwa Hospitali ya Mathari ya wagonjwa wa akili, Nairobi, badala ya kufungwa. Je, hajaponyoka?

La. Adhabu humstahili aliyejua alitendalo. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba mtu hana jinai ikiwa, wakati wa tendo, ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachokifanya au asijue kwamba hakifai. Aliyeamrishwa na sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia hatajifunza lolote kwa kukaa gerezani. Atatoka jinsi alivyoingia, na pengine hali yake imezidi kuwa mbaya.

Mbona basi wengine huzuiliwa muda mrefu kuliko wafungwa wenye kosa kama hilo?

Kwa sababu mfungwa ana tarehe ya kutoka. Kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kiliagiza mshtakiwa wa namna hii atamkwe kuwa “ana hatia lakini ni mwendawazimu”, kisha azuiliwe kwa amri ya Rais, na ripoti ya kwanza kuhusu hali yake itolewe baada ya miaka 3, na nyingine kila baada ya miaka 2. Maneno hayo ni ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1883, ambayo Waingereza wenyewe waliyaacha mwaka 1964. Tanzania husema mtu alitenda tendo lakini hana hatia, na naona hilo ni karibu zaidi na ukweli. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu ya Kenya wameamua kwamba kuzuiliwa bila kikomo kunakiuka Katiba. Kwa jicho la tabibu, ripoti ya miaka 3 ni kichekesho, kwa kuwa dalili nyingi huanza kutulia ndani ya wiki chache za dawa.

Tiba yenyewe ni ipi?

Ni vidonge au sindano ya kila mwezi, mazungumzo ya kumsaidia mgonjwa kuukabili ukweli wa alichokifanya (hapa wengi huangua kilio, na huzuni hiyo nayo huhitaji kutibiwa), kazi za mikono, na kuachana na bangi na pombe.

Akirudi nyumbani?

Hilo ndilo gumu, hasa pale marehemu alipokuwa wa ukoo huohuo. Familia zote mbili huzungumzishwa kabla hajatoka, na hujulikana mapema ni nani atakayempeleka kliniki na zahanati ipi itamchoma sindano.