"Alizeti haijali ukame": maneno yanayotutia hasara kila msimu

Juzi tena, shambani Ikungi, Singida, mzee mmoja kaniambia: "Mwanangu, alizeti ni mtoto wa jua, mvua haiihitaji." Mwaka wa ngapi huu nalisikia hilo! Na kila mwaka naonyeshwa shamba lenye vichwa vikubwa visivyo na kitu ndani.

Ni kweli alizeti huvumilia. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, ndiyo maana husimama kijani wakati mahindi ya jirani yamejikunja majani. Lakini kuishi si kuzaa. Tangu kichwa kinapofunga hadi mbegu zinapojaa, mmea unadai maji. Ukiyakosa hapo, chukua kichwa, bana mbegu za katikati kwa kucha: mapepe matupu. Hata zile zilizojaa hupungua mafuta, na mkamuaji atalijua hilo kabla yako.

Singida na Dodoma tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua hukatika katikati. Mtu anamaliza mahindi yote kwanza, alizeti anaitupia mwisho wa Februari kwa kuwa "haina shida". Maua yanachanua Mei, udongo umeshakauka. Akivuna magunia mawili anasema ardhi imechoka. Haijachoka! Tarehe ya kupanda ndiyo moja ya sababu kubwa za mavuno ya kanda ya kati kupanda na kushuka. Panda mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari, udongo ukishalowa vizuri. Nawasihi.

Wala usiige kalenda ya ndugu yako wa Rukwa au Mbeya. Huko mvua ni ndefu. Ukiwahi mno, vichwa hukomaa vikinyeshewa na kuoza. Ndiyo maana wao huchelewesha.

Maneno mengine ya hasara ninayoyasikia ni haya. "Kongwa haifai karanga, hata Mwingereza alishindwa." Mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa, mkoani Dodoma, ulianza 1947, ukaachwa 1951. Ulishindwa na haraka, mashine zisizofaa, udongo unaoganda kama saruji kiangazi, na mvua ambayo hakuna aliyeichunguza vya kutosha. Wakulima wa Kongwa wanavuna karanga hadi leo.

"Mbegu ya chotara naitunza ya mwakani." Hapana. Chotara huzaliwa kwa kuchanganya aina mbili, na kizazi cha pili hutoka vurugu: mirefu, mifupi, mingine inachanua mingine bado. Record, aina ya alizeti ya kawaida, si chotara, hiyo waweza kuitunza msimu mmoja au miwili.

"Miche mitatu kwa shimo ndiyo mavuno mengi." Utapata vichwa vitatu saizi ya kisosi. Punguza, acha mmoja.

"Nyuki wanakula maua." Nyuki ndio wanaokujazia mbegu. Nimekuta watu wanapuliza dawa saa tatu asubuhi, maua wazi, nyuki wamejaa juu yake. Kama wadudu wamekuzidi na huna budi kupuliza, subiri jua lizame, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.