Acheni Kusafisha RAM

Ile skripti ya "kusafisha RAM" ya Linux inazunguka tena mtandaoni. Kila baada ya dakika kumi cron (kipanga-ratiba cha Linux) inaandika `3` kwenye `/proc/sys/vm/drop_caches`, ili kutupa kache, kisha, ili kumwaga swapu (nafasi, kwa kawaida diskini, ambako data ya RAM huhamishiwa ikibana), inapiga `swapoff -a && swapon -a`, na anayeisambaza anaapa kwamba laptop yake ya GB 4 "imepumua". Tangu muda wa kawaida wa masasisho ya Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamehamia Linux Mint na ndugu zake kwenye mashine za mtumba, na wamekuja na mazoea ya zile programu za kufagia RAM. Karibuni sana. Ufagio uacheni nje.

Haya ndiyo yanayowatisha, kutoka `free -h` kwenye mashine ya GB 4:

```
        total   used   free  shared  buff/cache  available
Mem:    3.7Gi  1.9Gi  180Mi   310Mi       2.1Gi      1.8Gi
Swap:   2.0Gi  250Mi  1.8Gi
```

Mtu anaona `free` 180Mi anapiga kelele kwamba RAM imejaa. Haijajaa. Safu ya kusoma ni ya mwisho, `available`: programu mpya ikiomba kumbukumbu sasa hivi, kuna kama 1.8Gi ya kuipa bila kugusa swapu. Kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inatoa hesabu hiyo tangu toleo 3.14 la mwaka 2014, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuendelea kukodolea macho `free`. Ni makadirio, nakubali, na kwenye mashine yenye faili nyingi zilizofunguliwa yanaweza kukosea kwa mamia ya MB. Lakini bado yanakaribia ukweli kuliko `free`.

Wapo watakaojumlisha `used`, `free` na `buff/cache`, wapate zaidi ya 3.7Gi, waseme Linux inadanganya. Matoleo mapya ya procps (kifurushi chenye amri ya `free`), lililomo Ubuntu 24.04 na Mint 22 likiwamo, yanapata `used` kwa kutoa `available` kwenye `total`. Zamani yalitoa `free` na kache. Safu hizo hazikusudiwi tena kujumlishwa, basi.

Hiyo 2.1Gi ya kache ni nini? Sehemu kubwa ni nakala za faili ulizokwisha kusoma, zinazobaki kwenye RAM hadi mtu mwingine aihitaji nafasi. Jaribu mwenyewe. Chukua video ya GB 1 ambayo hujaifungua tangu uwashe kompyuta, upige `time cat video.mp4 > /dev/null` mara mbili. Kwenye diski ya kuzunguka ya laptop, mara ya kwanza itakula sekunde kumi na kitu. Mara ya pili haifiki sekunde moja. Sasa piga `echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches` (`sudo echo 3 >` haitafanya kazi, kwa sababu anayefungua faili pale ni sheli yako, si sudo), urudie. Umerudi kwenye sekunde kumi na kitu. Hiyo ndiyo "kasi" unayoinunua kila dakika kumi: unamwambia mwenye duka arudishe bidhaa zote stoo ili rafu zionekane safi, halafu unalalamika kwamba anachelewa kukuhudumia.

Data haipotei, maana kurasa (vipande vidogo vya RAM) ambazo hazijaandikwa diskini haziguswi. Lakini nyaraka za kerneli zenyewe zinasema kitufe hiki ni cha majaribio na upimaji. Ukikuta seva inapata kwikwi kwa vipindi vinavyolingana, piga `sudo dmesg | grep drop_caches`. Kerneli huandika jina la mchakato uliofanya hivyo.

Swapu ndiyo inayonichosha zaidi. "Zima swapu, kompyuta itakuwa nyepesi." Hebu tulia. Kumbukumbu ya programu iko ya aina mbili. Iko inayotokana na faili, kwa mfano msimbo wa kivinjari chako, ambayo kerneli ikibanwa inaitupa na kuisoma tena diskini. Na iko isiyo na faili nyuma yake, yaani data ambayo programu imeiumba inapoendesha. Hiyo ya pili haina pa kwenda ila swapu. Ukiizima swapu na RAM ikabana, kerneli inabaki na kitu kimoja cha kutupa: ile ya kwanza. Inatupa msimbo wa kivinjari, sekunde hiyohiyo kivinjari kinauhitaji, inausoma tena, inautupa tena. Kipanya kinaganda, taa ya diski haizimi, na yule muuaji wa michakato (OOM killer, sehemu ya kerneli inayoua programu RAM ikiisha) anaweza kuchelewa dakika kadhaa, kwa sababu machoni pake bado kuna kurasa zinazopatikana. Umezima swapu ili kukwepa kuganda, ukapata kuganda kubaya zaidi.

Na `swappiness`, mpangilio wa kerneli unaogusa swapu itumike kwa kiasi gani, si asilimia. Narudia: 60 haimaanishi kwamba swapu inaanza RAM ikifika asilimia 60, wala 40. Ni uzito wa kulinganisha gharama ya kuhamisha zile kurasa zisizo na faili na gharama ya kutupa za faili. 100 inasema gharama ni sawa, na tangu kerneli 5.8 kikomo ni 200. Mnaouliza namba sahihi ni ngapi: haipo. Anayekwambia 10 ni dawa ya kila laptop amenakili mahali. Kazi ileile kwenye diski ya kuzunguka na kwenye zram (nitaieleza hapo chini) inataka namba tofauti, na hata vipimo vya mtu makini mara nyingi vinatofautiana kati ya jana na leo.

Vilevile, 250Mi iliyokaa kwenye swapu si ugonjwa. Inaweza kuwa huduma ya printa uliyoiwasha asubuhi na hukuigusa tena. Ugonjwa ni mwendo. Piga `vmstat 1`, uruke mstari wa kwanza (ni wastani tangu mashine iwake), uangalie `si` (kinachosomwa kutoka swapu) na `so` (kinachoandikwa humo). Zikikaa sifuri, nenda kafanye kazi nyingine. Zikiruka maelfu kila sekunde, una shida ya kweli. Bora zaidi ni `cat /proc/pressure/memory`, iliyokuja na kerneli 4.20. Kwenye mstari wa `full`, `avg10=15.00` maana yake kwa sekunde kumi zilizopita, asilimia 15 ya muda kazi zote zilizokuwa na la kufanya zilisimama zikisubiri kumbukumbu. Kipimo cha kuaminika ni hicho. Faili likikataa kusomeka, ongeza `psi=1` kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Kwa mashine ya GB 4, kinachosaidia kweli ni zram, yaani swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe. Fedora imeiweka tayari tangu toleo 33. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint:

```
sudo apt install systemd-zram-generator
```

Kisha kwenye `/etc/systemd/zram-generator.conf` weka:

```
[zram0]
zram-size = ram / 2
compression-algorithm = zstd
```

Halafu `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl start systemd-zram-setup@zram0.service`. Hakiki kwa `zramctl`, ulinganishe safu za DATA na COMPR (ukubwa kabla na baada ya kubanwa). `ram / 2` haikati nusu ya RAM yako. Ni kikomo cha data kabla ya kubanwa, na isipotumika hailiwi. Hapa ndipo `vm.swappiness` ya 100 au zaidi inapoanza kuwa na maana, pamoja na `vm.page-cluster=0` (kurasa zisomwe kutoka swapu moja moja).

Kasoro yake ipo. Ukiwa na zram na swapu ya diski kwa pamoja, zram inajaa kwanza na kurasa zilizolala, kisha zinazotumika mara kwa mara zinaangukia diskini. Mwenye swapu ya diski afikirie zswap, kache iliyobanwa ndani ya RAM mbele ya swapu ya diski, ambayo hupeleka diskini kurasa za zamani kwanza.

Watumiaji wa Debian 13 wana jambo lao: `/tmp` sasa inakaa kwenye RAM, hadi nusu yake. Ukipakua faili la ISO la GB 1.5 humo, umekula RAM. Litaonekana kwenye `shared` na ndani ya `buff/cache`, na hakuna `drop_caches` itakayoliondoa. Weka makubwa `/var/tmp`, au piga `sudo systemctl mask tmp.mount` uwashe upya.

Kivinjari kikifa ghafla huku `available` ilikuwa na nafasi, angalia `journalctl -u systemd-oomd` (shajara ya huduma inayoua programu RAM ikibana) kabla ya kulaumu kivinjari. Ubuntu 22.04 ilipoanza kuitumia huduma hiyo ilipata malalamiko mengi, kwani ilikuwa na haraka ya kuua.

Na kama `full` haishuki hata baada ya zram, RAM haitoshi kweli. Ndani ya Firefox fungua `about:processes` uone tabo ipi inakula. Ukiamua kununua, `sudo dmidecode -t memory` itakuonyesha nafasi zilizopo na aina ya RAM. Kwenye laptop za enzi za Intel Core kizazi cha 4 omba DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia vizuri kabisa kwenye tundu, na nyingi za laptop hizo zitagoma kuwaka.