Ahadi kwenye daftari si bajeti ya arusi

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, kamati ya arusi ikikutana, katibu hupitisha daftari na kila mmoja huandika jina na kiasi: dola 50, dola 100, kreti mbili za bia. Mwishoni jumla inasomwa, watu wanapiga makofi, na familia inaamini kwamba hiyo ndiyo bajeti. Sivyo. Hiyo ni orodha ya ahadi. Bajeti huanza na pesa iliyokwisha kufika mkononi mwa mweka hazina.

Tuseme ahadi ni dola 3,000 na zilizoingia ni 1,700. Lipieni ukumbi, chakula na vinywaji kwa hizo 1,700, halafu kila ahadi inayotimia iongeze kitu: keki kubwa zaidi, mapambo, mpiga video. Familia nyingi hufanya kinyume. Zinaanza na mapambo, na Jumamosi asubuhi baba wa bwana arusi anazunguka mtaa wa Kadutu akitafuta wa kumkopesha pesa ya mchele. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Vinywaji ndivyo vinavyowaponza wengi. Bei ya kreti ni ya kinywaji tu. Chupa zenyewe mnaziwekea dhamana, na kila inayovunjika au kuondoka na mgeni inakatwa. Mpeni kijana mmoja kazi ya kuhesabu chupa usiku kucha. Andikeni pia mafuta ya jenereta. Na kama michango inaingia kwa franka huku ukumbi unadai dola, badilisheni siku ileile inapoingia, kabla kiwango cha kubadilisha hakijageuka.