Je, wajua kwa nini wajuzi wa sataranji hujihoji kabla ya kugusa kete?

Kwenye vijiwe vya Dodoma mchezo ni drafti: ubao wa kuchora, vizibo vya soda, na watazamaji wanaofundisha bila kuombwa. Mtu aliyekulia hapo akihamia sataranji, au chesi, huja na mazoea yake. Katika drafti, kete ikilika ni lazima uile. Katika sataranji kula ni hiari, na hapo ndipo wengi huumia.

Ugumu wa pili ni wingi wa njia. Mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua kabla hata mchezo haujaanza. Kila mmoja akishacheza mara moja, ubao unaweza kuwa na sura 400. Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alikadiria kuwa michezo inayowezekana ni kama 1 ikifuatwa na sufuri 120. Hakuna kichwa kinachomaliza hesabu hiyo.

Basi mabingwa hufanyaje? Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot, katika utafiti alioutoa mwaka 1946, aliwawekea wachezaji ubao na kuwataka wafikiri kwa sauti. Ilionekana kuwa vigogo hawakuangalia hatua nyingi kupita kiasi kuliko waliokuwa chini yao. Walichowazidi ni kujua mapema pa kuangalia.

Maswali hufundisha jicho kitu hicho hicho. Jacob Aagaard, bingwa mwenye asili ya Denmark, amesambaza matatu: udhaifu uko wapi? Kete gani imekaa vibaya kuliko zote? Mpinzani anataka nini? Lile la kete mbaya lina historia ndefu zaidi, kwani Vladimir Makogonov wa Azerbaijan alikuwa akilifundisha zamani. Ukijiuliza “nicheze nini?” utatangatanga ubao mzima. Ukijiuliza “kete yangu gani imekaa bure?” jibu unaliona kwa macho.

Tuyajaribu kwenye ufunguzi wa Kifaransa, mojawapo ya njia za kuanzia mchezo. Kila mraba una jina: herufi, a hadi h, ni safu kutoka kushoto kwa mweupe, na namba, 1 hadi 8, ni mstari kutoka upande wake. Mweupe anasogeza askari e4, mweusi e6; kisha d4, d5; e5, c5; c3. Mweusi anatoa farasi c6, mweupe farasi f3. Malkia mweusi anakwenda b6, askofu mweupe anakuja d3. Askari wanakulana pale d4, na sasa askari mweupe wa d4 anatazamwa na farasi na malkia wa mweusi. Anayemlinda ni farasi mmoja tu, maana malkia mweupe wa d1 amezibwa na askofu wake mwenyewe. Mchezaji wa drafti hapo mate yanamtoka.

Akila kwa farasi, farasi mweupe atalipiza, malkia mweusi atakula tena, kisha askofu wa d3 ataruka hadi b5 na kumtishia mfalme, yaani kumpa shaha. Njia ya malkia mweupe imefunguka. Mweusi atashughulikia mfalme, na malkia wake ataliwa. Askofu aliyeonekana kuziba njia kwa uzembe ndiye aliyekuwa mtego.

Sasa uliza. Mpinzani anataka nini? Ile shaha ya b5. Udhaifu uko wapi? d4, kweli kabisa. Kete gani imekaa vibaya? Askofu wa c8, aliyefungiwa nyuma ya askari wa e6. Msogeze d7: kete mbovu imetoka, mlango wa shaha umefungwa, na tishio la kula d4 sasa ni la kweli. Maswali matatu, hatua moja. Mweupe mwenye roho ngumu huendelea kumtoa askari wa d4 sadaka ili ashambulie, mbinu yenye jina la Milner-Barry, Mwingereza ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wavunja siri za Wajerumani kule Bletchley Park.

Mpangilio wa maswali si amri. Kwa aliyetoka kwenye drafti, mimi ningeanza na la mpinzani, hasa kwa kuwa mashindanoni ukigusa kete yako unalazimika kuicheza. Na maswali hayafuti hesabu. Mfalme anapotishiwa au kete zinapolana mfululizo, hapo ni kupiga hesabu hatua kwa hatua. Maswali yana nafasi yake ubao ukiwa umetulia, na muda mzuri wa kuyauliza ni pale saa ya mpinzani inapotembea, si yako.