Watoto wa Seyyid Said: tafuta kwenye mirathi kabla ya kiti

Wanaoniuliza kuhusu nasaba ya Mabusaidi, ukoo wa Kiomani uliotawala Zanzibar, huja na orodha moja mkononi: Said bin Sultan (ndiye Seyyid Said), kisha Majid, Barghash, Khalifa, Ali, halafu wajukuu na vitukuu mpaka kwa Jamshid aliyepinduliwa Januari 1964. Orodha haina kosa. Ila ni orodha ya waliokalia kiti, na kazi ya nasaba ni kumtafuta ambaye hakukikalia.

Seyyid Said alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856. Kwa hesabu ya binti yake, Bibi Salme, aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18. Wanne walitawala Zanzibar. Wengine wawili, Thuwaini na Turki, walitawala Muscat, Oman. Wanabaki 30, na hao ndio wanaotutoa jasho.

Usitegemee kuwapata wote kwenye barua za konseli wa Kiingereza. Konseli aliandika habari za mtu aliyeweza kuleta fujo ya urithi wa kiti, kwa hiyo mtoto wa kiume mpole hapati hata mstari mmoja, na mabinti ndio kabisa. Waandishi wa tarikh, yaani vitabu vya historia, za Oman nao huhesabu wanaume. Rejista ya vizazi haikuwepo. Kilichokuwepo ni kadhi, na kadhi hawezi kugawa mali ya marehemu bila kuwataja warithi wote kwa majina, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke.

Ndiyo maana mimi huanza na makaratasi ya mali. Chukua hesabu yenyewe. Madeni yakishalipwa na wasia ukatekelezwa, mke wa ndoa anachukua thumuni yake (moja ya nane) kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki kinagawiwa watoto, na mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke. Wanaume 18 na wanawake 18 wanafanya mafungu 54. Sasa hata ukipata karatasi iliyochanika, yenye fungu la binti mmoja na jumla ya kilichogawiwa watoto, unaweza kujua mafungu yalikuwa mangapi, na hapo hapo ukajua kama shajara (mti wa ukoo) uliyonayo imeacha mtu. Hakuna barua ya ubalozi itakayokupa hilo.

Kinamama wana utaratibu wao. Wengi wa watoto wa Seyyid Said walizaliwa na masuria: mama yake Majid alikuwa Mcherkesi, mtu wa Kaukazi, wa Barghash Mhabeshi, na Jilfidan, mama yake Salme, Mcherkesi pia. Suria aliyemzalia bwana wake huwa huru bwana akifa, lakini si mke, kwa hiyo harithi. Mtoto wake ndiye anayerithi, tena sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Matokeo yake mama hayumo kwenye mgao ingawa wanawe wamo. Shajara nyingi za mtandaoni hulimaliza jambo hili kwa kuwaita wote "wake" na kuwavisha cheo cha malkia, jambo linaloniudhi kuliko tarehe mbovu, maana tarehe mbovu hurekebishika.

Mama huyo mtafute kwenye wakfu. Hati ya wakfu wa nyumba au shamba humtaja aliyeweka wakfu na watakaonufaika, wanawe, vizazi vyao, mara nyingi na watumwa alioacha huru. Utawala wa Kiingereza ulipoziweka mali za wakfu chini ya kamisheni mwanzoni mwa karne ya 20, madai yalibidi yathibitishwe, na uthibitisho wenyewe ni nasaba: fulani binti fulani bin fulani. Sehemu kubwa ya makaratasi ya serikali ya zamani imo kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani. Barua za zama za Seyyid Said na Majid zina nakala London kwenye makabrasha ya India Office, wizara ya Kiingereza iliyosimamia India, kwa kuwa mambo ya Zanzibar yalipitia serikali ya Bombay.

Majina nayo yana mitego. Kuna Khalid bin Said, aliyefariki 1854 kabla ya baba yake, na kuna Khalid bin Barghash, aliyeingia kasri kwa siku chache Agosti 1896 mpaka mizinga ya Waingereza ikamtoa. Hamad bin Thuwaini alifuatwa na Hamoud bin Muhammed, wote wajukuu wa Seyyid Said, na makarani wa Kizungu waliwaandika Hamed, Hamid, Hamud kadiri kalamu ilivyoteleza. Kwa hati za Kiarabu tatizo hupungua sana. Mtu asiye na majina matatu simwingizi kwenye shajara, hata kama umri na mtaa vinalingana. Na mwaka wa Hijria usiubadilishe kwa jedwali la mwaka mmoja kwa mmoja: 1273 ulianza Septemba 1856 ukaisha Agosti 1857, kwa hiyo hati isiyo na mwezi iandikwe 1856/57 na iachwe hivyo.

Sasa, njia hii ya mirathi ina tundu moja kubwa, na aliyepita kwenye tundu hilo ni Salme mwenyewe. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, na 30 Mei 1867 akabatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Kwa sheria, aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Ndugu zake walipokuwa wakifa mmoja mmoja, jina lake halikuwa la kuandikwa tena kwenye migao. Alipokuja Zanzibar mwaka 1885 akifuatana na manowari za Kijerumani kudai fungu lake, Barghash alikataa. Mtafiti anayeona jina limekatika huandika "alifariki". Bibi huyu aliishi mpaka 29 Februari 1924.

Kwa hiyo jina likikatika ghafla, uliza kwanza kama mtu alihama, alibadili dini au alibadili jina. Kwa Salme ni yote matatu: upande wa pili anaitwa Emily Ruete. Ndoa ya Aden haitafutwi Zanzibar wala Ujerumani. Aden ilitawaliwa kutoka Bombay, na rejista za makanisa yake zilinakiliwa pamoja na za Bombay na kupelekwa London. Watoto aliozaa Hamburg kila mmoja ana jina la pili la nyumbani kwao: Antonie Thawka wa 1868, Rudolph Said wa 1869, Rosalie Ghuza wa 1870. Majina hayo ya pili ndiyo yanayokuhakikishia kuwa umeshika Ruete sahihi.

Na kumbukumbu zake alizochapisha 1886, ambazo wengi wetu tunazitumia kama shajara, zina pengo lake. Kabla ya hao watatu, Desemba 1866, alijifungua mtoto wa kiume pale Aden, miezi kadhaa kabla ya ndoa. Mtoto alifariki 1867 na kitabuni hamtaji.